Hatua Kumi na Nne Hadi Bakuli la Mzazi

Mimi ni mtu wa kijicho, na nalisema mapema ili msomaji asije akashtuka huko mbele. Nilikuwa hivyo kabla sijaugua, nikawa hivyo nilipougua, na hata leo ninapoandika, mgongo umenyooka na miguu inanibeba, jirani akinunua sufuria mpya mimi nalala vibaya. Naandika kwa ajili ya yeyote aliye kitandani kwa mwezi wa tano au wa sita sasa, ambaye kila anayekuja kumwona anamwambia awe na mawazo mazuri ili apone haraka. Mawazo yangu hayakuwa mazuri. Nilipona nayo hivyo hivyo, ila kwa kazi, na kazi yenyewe ndiyo ninayotaka kuieleza.

Wivu wa kwanza wa ugonjwa ulinipata kwenye benchi la hospitali, mjini Moshi, wakati wa mvua za vuli. Tulikuwa tunasogea kwa makalio, kila aliyeitwa anaacha nafasi yenye joto na anayefuata anaikalia. Mwanamke aliyekuwa kando yangu aliingia kwa daktari, akatoka na kikaratasi: malaria. Vidonge vya siku chache, basi, anarudi kwake. Nilimtazama akitembea kwenda dirisha la dawa, viatu vyake vinalia kwenye sakafu, nikamchukia kwa moyo wangu wote. Mimi nilikuwa nimekalia benchi lile wiki ya tatu mfululizo, mgongo unawaka, miguu imeanza kuwa mizito. Nilikuwa fundi cherehani, nashona sare za shule kwenye baraza ya duka moja pale Njoro, kwa hiyo nilikuwa nimejipa jibu kwamba ni uchovu wa kuinama.

Haukuwa uchovu. Picha ilionyesha kifua kikuu kimekaa kwenye mfupa wa uti wa mgongo. Daktari alinieleza taratibu kwamba mapafu yangu ni safi na siwezi kumwambukiza mtu, ila mfupa umeliwa, na miguu inakosa nguvu kwa sababu hiyo. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Nilimwuliza kama nitatembea. Akasema tutaona, akaanza kuandika.

Miezi miwili ya kwanza ilikuwa ya sindano. Kila asubuhi, leo kulia, kesho kushoto, hadi sikubakiwa na upande wa kulalia. Masikio yakawa yanavuma. Mkojo ukageuka rangi ya chungwa, na mara ya kwanza nilipiga kelele wodi nzima ikaamka. Siku zangu za mwezi zilikatika. Walinifunga plasta ngumu ya jasi kuanzia kwapani hadi kwenye nyonga, na ndani yake kukawa na mwasho ambao sijawahi kumsimulia mtu akauelewa. Mama alininyooshea spoku ya baiskeli ya kujikunia, nikawa nailaza chini ya mto pamoja na kitabu cha nyimbo. Mhudumu mmoja alikuwa ananiosha nywele kila Jumamosi, kichwa kikining'inia ukingoni mwa kitanda, maji ya uvuguvugu kwenye beseni. Hakuna aliyemtuma. Bado nayakumbuka maji yale kuliko sindano zote.

Krismasi ilinikuta humo wodini. Kwetu Krismasi ndiyo siku ambayo kila Mchagga aliye Dar, Arusha au Mombasa hupanda kurudi nyumbani. Ndugu zangu walipitia hospitalini kabla ya kupanda mlimani. Walikaa kitandani kwangu wakanisimulia nyumba wanazojenga, na mimi nikawa natazama viatu vyao. Vyote vipya. Binamu yangu alikuwa amevaa vyenye kisigino, na aliponipungia mkono mlangoni nilimwombea ateleze.

Mwezi wa kwanza walinirudisha nyumbani, juu ya Himo, kwenye kihamba chetu cha migomba na kahawa. Vidonge viliendelea, na nashukuru sikuruka hata siku moja. Nyumbani palikuwa na Mama, kaka yangu Elia, na mke wa Elia, jina lake Ndeshi. Huyu Ndeshi ndiye hadithi yenyewe.

Ndeshi ni mtu wa kusema jambo likawa. Mwaka alioolewa alitangaza kwamba atakuwa na ng'ombe wa kisasa wa maziwa. Hakuwa na hata mbuzi. Siku iliyofuata akaanza kupanda majani ya mabingobingo kwenye matuta ya mfereji, kisha akajenga banda yeye na Elia, sakafu, hori, kila kitu, banda likasimama tupu miezi tisa. Sisi tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, na kila nikipanda kutoka mjini nilikuwa namwuliza, "Wifi, ng'ombe wako hajambo?" Anajibu, "Hajambo, bado hajafika tu." Halafu mradi mmoja wa kanisa wa kugawa mitamba ukaja kukagua nani ana banda tayari na nani ana majani. Mtamba akashuka kwetu. Nilipoletewa maziwa yake ya kwanza kule Njoro niliyanywa, yalikuwa matamu, na yakanikaa kooni.

Sasa nimelala kwenye nyumba yake, yeye ana mimba ya kwanza, na anaiita mimba ile kwa jina.

Elia aliniletea kijitabu kutoka stendi ya mjini, cha karatasi za njano, cha kufundisha nguvu ya fikra. Kilisema kwamba ukiliona jambo moyoni na kulitamka kila siku kana kwamba limeshakuja, litakuja. Nilikipenda sana. Daktari alikuwa ameniambia, mwezi wa pili niliporudi kupimwa, kwamba mfupa umeanza kushika na sasa miguu ifanyishwe mazoezi kila siku: kunja goti, sukuma ukuta kwa nyayo, kaa, simama, shika kitu. Lakini mazoezi yaliuma na kijitabu hakikuuma. Nikawa nafumba macho najiona natembea. Nilijiona vizuri kabisa, hata rangi ya sketi niliijua. Nikamtangazia kila aliyekuja kunisalimia kwamba siku ya Pasaka nitasimama mbele ya watu.

Pasaka ikaja na mvua za masika. Baada ya ibada wajomba na mashangazi wakajaa uani chini ya turubai. Waliniweka kwenye kiti. Nikasema kwa sauti, "Leo natembea," nikaachia mikono, nikasimama. Nadhani nilisimama kwa muda wa kusema amina. Kisha magoti yakaondoka nikaangukia beseni la ndizi zilizomenywa, maji yakamwagika hadi miguuni kwa mashangazi.

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka. Elia alininyanyua, na jioni hiyo nikamsikia akimwambia Mama kwa sauti ya chini, "Tukubali tu. Nitamjengea chumba chake."

Jumatatu alianza. Chumba kilikuwa nyuma ya nyumba, karibu na banda la ng'ombe, na kaka yangu kwa upendo wake alikijenga bila kizingiti, ili mtu anayejiburuta asikwame. Nilikuwa nasikia nyundo kutwa nzima. Kila msumari ulikuwa unaniambia kwamba familia imeshanipangia maisha yangu yaliyobaki, na wameyapanga kwa wema, kwa hiyo sikuwa na wa kumgombeza.

Ndeshi alikuja na tumbo lake, akakaa kwenye kitanda changu.

"Wifi, tangu mwezi wa kwanza unasema utatembea. Miguu yako umeifanyia nini?"

"Nimeiamini," nikamwambia.

"Haya. Na mimi ningeamini ng'ombe nikaacha kujenga banda, ungekuwa unakunywa maziwa?"

Nilimgeuzia uso ukutani. Nilikuwa namwonea wivu kiasi kwamba hata aliposema kweli niliisikia kama majigambo.

Wiki mbili baadaye akajifungua mtoto wa kiume. Na hapa lazima nieleze mila yetu, maana siku hizi wengi wameiacha ila mama yangu hakuiacha. Mzazi hukaa ndani miezi mitatu. Hashiki jembe, hateki maji, hakati majani. Kazi yake ni kunyonyesha na kula. Anapikiwa mtori, ndizi na nyama vimepondwa pamoja hadi vinakuwa rojo, na samli juu. Miezi mitatu ikiisha anavishwa vizuri, anapelekwa sokoni na wanawake wenzake, watu wamwone. Wanachoangalia ni mashavu. Mzazi akitoka amenona, mama mkwe anasifiwa. Akitoka amekonda, nyumba nzima inaaibika.

Mama, ili asizunguke mara mbili, alituweka chumba kimoja, mzazi kona hii na mgonjwa kona ile. Saa nne asubuhi analeta bakuli mbili. La Ndeshi lina mtori. Langu lina kiburu, yaani ndizi na maharage.

"Na mimi mbona sipati?" nikamwuliza siku ya tatu.

"Chungu cha mzazi hakigawanywi," Mama akasema. "Nyama yenyewe Elia anaifuata Himo kwa shida. Wewe kula upone."

Kisha anaenda shambani, na mimi nabaki na harufu. Nilikuwa natazama samli inavyong'aa mdomoni mwa Ndeshi. Amelala kama mimi, anahudumiwa kama mimi, ila yeye wanamlisha kwa furaha na mimi wananilisha kwa hofu. Nililia kwa ajili ya supu ya ndizi, mtu mzima.

Ndeshi aliniona. Siku moja Mama alipotoka tu, akaliinua bakuli.

"Unautaka?"

Nikainua kichwa kwenye mto.

"Kutoka kwako hadi kwangu ni hatua ndogo kumi na nne, nimezihesabu. Ukifika hapa kwa miguu yako, nusu yako."

"Nilete basi, wifi. Nionje tu."

"Sileti."

Nilimtukana. Alichukua kijiko akaanza kula, taratibu, na alipofika chini akakwangua bakuli kwa makusudi, kwa kelele. Sauti ile ya kijiko ndiyo iliyonitoa kitandani. Kijitabu kilikuwa kimeshindwa, nazo sindano zilikuwa zimefanya zake. Kijiko cha mke wa kaka yangu kilinifanya nishike ukuta nikasimama. Hatua mbili, nikakaa sakafuni. Akachora mistari miwili kwa mkaa ukutani.

"Kesho," akasema, akalamba kijiko.

Basi ikawa hivyo. Nilianza kufanya yale mazoezi ya daktari alfajiri kabla hawajaamka, kunja, sukuma, kaa, simama, nikiwa natetemeka na plasta inanikata kwapani, kwa sababu saa nne bakuli litakuja. Niliacha kujiona nimevaa sketi. Nilijiona nakula. Hatua tatu. Hatua tatu tena, wiki nzima hatua tatu, mkaa ukutani hausogei. Kisha tano. Mtoto alipodondosha kitovu nilikuwa kwenye dirisha. Alipoanza kufuata mwanga kwa macho nilikuwa nimepita meza. Nikianguka Ndeshi haniinui, maana mzazi hanyanyui kitu kizito, ila alikuwa ananisemesha hadi niinuke, na maneno yenyewe hayakuwa ya kubembeleza. "Inuka, mtori unapoa. Inuka, leo kuna mfupa wa uboho."

Siku niliyofika ilikuwa ya ukungu, mwezi wa sita unaanza. Nilishika ubao wa kitanda chake, jasho linanitiririka ndani ya plasta. Hakupiga kelele wala hakunisifu. Alisogea, nikakaa, akanipa kijiko. Tulikula bakuli moja, tukipokezana kijiko.

Tangu siku hiyo nusu ilikuwa yangu, na mara nyingine zaidi ya nusu, kwa sababu nilikuwa nakula haraka. Mama alikuwa anakuta bakuli tupu na kumsifu mkwe wake. Katikati ya mwezi nilishushwa hospitalini, nikakalia benchi lile lile, nikakatwa plasta kwa mkasi mkubwa. Ngozi ya tumbo ilikuwa inabanduka kama karatasi. Daktari alinitazama nikitembea na fimbo kutoka mlangoni hadi mezani, akaniuliza nimefanya nini. Nikamwambia nimekula. Kwenye benchi, nilipotoka, kulikuwa na msichana mwenye miguu mizito akinitazama, na nilijua vizuri sana yale macho.

Nilinenepa. Mashavu yalirudi, nywele zikaanza kung'aa. Ndeshi hakunenepa. Alikuwa ananyonyesha kwa nusu bakuli, na mifupa ya shingo yake ilionekana kanga inapoteleza. Mimi niliiona. Hapa ndipo pagumu kuandika: niliiona, nikafurahi. Nilijisemea, mara moja tu katika maisha yake huyu mwanamke hatasifiwa. Na nikaendelea kula.

Niliapa pia, ndani ya moyo, kwamba siku yake ya kutoka ndiyo itakuwa yangu. Chumba cha Elia kilikuwa kimeezekwa. Mlango ulikuwa umeegemezwa ukutani, na alikuwa amesema atautia bawaba Jumamosi ile ile wakirudi sokoni, ili nihamie. "Utakuwa na amani yako, dada," aliniambia. Nilijua nikihamia mle sitatoka. Watanizoea humo, na mimi nitawazoea.

Jumamosi ikafika, mwezi wa saba, baridi, kahawa za mwanzo zinawiva. Wanawake walikuja kumchukua Ndeshi. Wakamvisha kanga mpya na kilemba, wakamfungia mtoto kifuani. Nikachukua fimbo.

"Wewe wapi?" Mama akauliza.

"Sokoni."

Mama alimtazama Elia, Elia akatazama miguu yangu. Walikuwa wameniona uani, hawakuwa wameniona barabarani. Ndeshi akasema, "Mwacheni, ila tutembee polepole, hata mimi nina miezi mitatu sijatembea." Tukashuka. Njia ile mtu mzima anaimaliza kwa robo saa. Sisi tulitumia saa nzima, nikisimama kila penye ukingo wa mfereji, miguu inawaka moto, lakini nilifika kwa miguu yangu, na nilipoona mikungu ya ndizi imepangwa chini nilitaka kuibusu.

Wanawake wa soko waliinuka kumpokea mzazi. Wakapiga vigelegele, kisha vigelegele vikapungua. Mama Manka, muuza mahindi mwenye mdomo mkubwa kuliko wote pale, akamshika Ndeshi kidevu, akamgeuza huku na huku.

"Mae! Shikamoo yangu nimeirudisha mfukoni. Mzazi wenu mbona hana shavu? Mlimlisha kiburu?" Kisha akaniona. "Na huyu mgonjwa mbona ananawiri hivi?"

Mama yangu alishika kanga yake kifuani. Alikuwa ameponda ule mtori kwa mkono wake siku tisini, na hakuelewa. Ndeshi aliinamisha uso kwa mtoto. Akisema kweli, anamwaibisha mama mkwe kwamba chungu chake kilichezewa, na ananitangaza mimi mwizi. Basi alinyamaza, akakubali kuonekana mke aliyelishwa bure.

Na mimi nilifurahi. Nawaambia ukweli. Ilikuwa kama pumzi tatu hivi, na zilikuwa tamu. Ya nne ikanishinda, kwa sababu nilikuwa nimesimama. Nilitazama chini nikaona miguu yangu miwili kwenye vumbi la soko, nikajua imejengwa na nini.

"Nimekula mimi," nikasema.

"Umekula nini?" akauliza Mama.

"Mtori wake. Nusu, kila siku. Nilikuwa naufuata kwa miguu hadi kitandani kwake, ndivyo nilivyojifunza kutembea. Yeye ndiye aliyenipangia. Amekonda kwa ajili yangu, nami nilimwona anakonda nikala tu."

Mama alinitazama, kisha akamtazama Ndeshi. Nilisubiri kofi. Akamgeukia Mama Manka.

"Umesikia? Chungu changu kimoja kimetoa watu wawili. Cha kwako kimetoa wangapi?"

Vigelegele vilivyopigwa hapo sijawahi kuvisikia tena. Na havikuwa vyangu. Walimzunguka Ndeshi, wakamwita mwanamke wa watu, mama wa wote, wakamjazia ndizi na mayai kwenye kanga. Mimi nilibaki na fimbo yangu kando ya mahindi, nimetembea baada ya miezi minane, na hakuna aliyenitazama. Niliona wivu hadi machozi yakanitoka. Mama Manka alidhani ni ya furaha, akanipa hindi la kuchoma.

Tuliporudi Elia aliuchukua ule mlango akaukalia, hajui aufanyie nini. Nikamwambia autie, ila aweke kizingiti kwanza. Cherehani yangu ililetwa kutoka Njoro, na ndiyo inayokaa mle.

Kwa hiyo wewe uliyelala, sikuambii uwe na moyo safi, sina uzoefu nao. Meza vidonge vyako hadi cha mwisho. Chagua kitu unachokitaka kweli, hata kama ni kidogo na cha aibu, kisha kila siku ufanye kile ambacho mtu anayekiendea angefanya, hata hatua tatu wiki nzima. Na ukipata mtu wa kukukwangulia bakuli, mtukane lakini mfuate.

Miaka miwili baadaye Ndeshi alizaa tena, msichana. Mama alikuwa na homa, nikapika mimi. Niliponda ndizi, nikachagua mfupa wa uboho, nikamimina samli hadi ikaogelea. Nilianzia kwenye kona yangu ya zamani, nikazitembea zile hatua kumi na nne na bakuli mkononi, nikamkabidhi, nikakaa kwenye kiti kumwangalia akila mpaka alipokwangua chini. Nilikuwa natamani sana. Sikuomba.